Kinga Inapotumika Kuwa Tiba: Istilahi za Matibabu Mapya ya Ini Lililoshindwa Kazi, kwa Kurejelea Wilaya za Mbulu na Hanang

Ikisiri

Makala haya yanafafanua matibabu yanayochipuka ya ini lililoshindwa kazi, hususan yale yanayoutumia mfumo wa kinga ya mwili wa mgonjwa mwenyewe, na kuchunguza uwezo wa Kiswahili wa kuyaeleza. Hoja kuu ni kwamba kikwazo hakitokani na upungufu wa msamiati, bali kinatokana na wingi wa maana ambazo neno "kinga" limebebeshwa tangu miaka ya 1980. Wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, zimechukuliwa kuwa mfano kwa sababu Kiswahili cha hospitali huko hukutana na lugha za familia tofauti kabisa, na kwa sababu visababishi vya maradhi ya ini vinafahamika katika ukanda huo. Makala yanahitimisha kwa kupendekeza istilahi chache na, zaidi ya hizo, vitenzi vinavyofaa kuandamana nazo.

1.0 Utangulizi

Mijadala kuhusu istilahi za kisayansi katika Kiswahili imejikita kwa muda mrefu katika swali la namna ya kuziunda: je, itoholewe, itafsiriwe, au liundwe neno jipya kutokana na mizizi ya Kibantu? Kazi kubwa imefanyika katika uwanja huo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na baadaye Kamusi ya Tiba mwaka 2003. Hata hivyo, swali jingine halijapewa uzito unaostahili, nalo ni hili: istilahi ikishaundwa na kuingia katika vinywa vya watu, hupata maisha gani? Neno halibaki pale lilipowekwa na kamati. Huokota maana njiani, na maana hizo huweza kumzuia msikilizaji kulielewa jambo jipya linaloelezwa kwa neno lile lile la zamani.

Tiba ya ini inatoa mfano mzuri wa hali hiyo. Katika kipindi cha miaka ishirini hivi iliyopita, watafiti wameanza kuitazama kinga ya mwili kuwa chombo cha kuliponya ini, si ngao ya kuzuia maradhi tu. Kuyaeleza matibabu hayo kwa Kiswahili kunahitaji neno "kinga" lifanye kazi ambayo halikuzoea kuifanya.

Wilaya za Mbulu na Hanang zinalifanya suala hili kuwa zito zaidi. Huko huzungumzwa Kiiraqw, ambacho ni lugha ya Kikushi ya Kusini; Kidatooga, ambacho ni lugha ya Kiniloti ya Kusini; na katika bonde la Yaeda, Kihadza, lugha ambayo wanaisimu wengi huihesabu kuwa haina ndugu anayejulikana. Lugha za Kibantu nazo zimo, Kiswahili kikiwa kiungo cha wote. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanza kazi mwaka 1955 wilayani Mbulu, ni hospitali ya tiba na pia ni kituo cha utafiti. Mathalani, ilikuwa miongoni mwa vituo vya utafiti wa kimataifa wa MAL-ED kuhusu lishe na maradhi ya kuhara kwa watoto. Katika mazingira kama hayo, ufafanuzi wa tiba hutoka katika Kiingereza cha vitabu, hupita katika Kiswahili cha daktari au muuguzi, na mara nyingi huishia katika Kiiraqw au Kidatooga kwa mdomo wa ndugu aliyemsindikiza mgonjwa. Kosa linalozaliwa katika hatua ya pili hurithiwa na hatua ya tatu.

2.0 Ini na majina ya maradhi yake

Ini la mtu mzima lina uzito unaokaribia kilo moja na nusu. Hutengeneza nyongo inayosaidia kuyeyusha mafuta ya chakula, huhifadhi na kuachilia sukari, huunda protini zinazoifanya damu igande, na huondoa sumu katika damu. Lina sifa ambayo viungo vingi vya ndani havina: likikatwa sehemu, hujijenga upya. Ini hushindwa kazi pale uharibifu unapolizidi kasi ya kujijenga. Hali hiyo huweza kutokea ghafla, kwa siku au majuma machache, au polepole kwa miaka mingi ambapo makovu huchukua nafasi ya tishu hai. Makovu yakienea na kuubadili umbo mzima wa ini, huitwa sirosisi.

Lugha ya kila siku inalijua ini kwa njia nyingine. "Kumkata mtu maini" ni kumvunja nguvu na kumtia simanzi, na jambo "lililotumbukia nyongo" ni lililoharibika. Misemo hii huliweka ini katika eneo la hisia na bahati, haligusi kazi zake mwilini. Kwa hiyo majina ya maradhi ndiyo yanayobeba karibu mzigo wote wa maelezo ya kitabibu, na majina hayo yana kasoro mbili.

Kasoro ya kwanza imo katika jina "homa ya ini". Homa, katika matumizi ya kawaida, ni joto la mwili kupanda. Lakini mtu aliyeambukizwa kirusi cha hepatitisi B kwa muda mrefu anaweza kuishi miaka mingi bila homa yoyote, huku ini lake likizidi kupata makovu. Akiambiwa ana homa ya ini ilhali mwili wake haujachemka, ana kila sababu ya kutoamini. Tatizo si dogo: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wakiishi na hepatitisi B sugu.

Kasoro ya pili imo katika "homa ya manjano". Kitaalamu, jina hilo ni la ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu wa jamii ya Aedes. Hata hivyo, macho kugeuka manjano ni dalili ya maradhi mengi ya ini, na msikilizaji asiye mtaalamu hana namna ya kujua kwamba manjano ya jina na manjano ya macho yake si kitu kimoja. Madhara ya mkanganyiko huu yanaonekana bayana tukikumbuka tukio la mwaka 2016, pale sumukuvu aina ya aflatoksini ilipowadhuru watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Waliorekodiwa kuugua walikuwa 68, na 20 kati yao walifariki. Miaka 12 kabla yake, mwaka 2004, nchini Kenya watu 317 waliugua na 125 wakafariki kwa sababu hiyo hiyo. Sumu hiyo hutengenezwa na kuvu wanaoota katika mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri, nayo hulishambulia ini. Jina la ugonjwa likimwelekeza mgonjwa kwa mbu, ghala lenye mahindi yenye kuvu litabaki bila kuguswa, na familia itaendelea kula.

3.0 Kinga katika maradhi ya ini

Ili kuelewa matibabu mapya, ni lazima kwanza kuelewa jambo linalokwenda kinyume na mazoea: katika maradhi mengi ya ini, kinga ya mwili yenyewe ni sehemu ya ugonjwa.

Kirusi cha hepatitisi B kinaingia katika seli za ini na kuzaliana humo, lakini kwa kawaida hakiziui seli hizo moja kwa moja. Zinazoziua ni seli za kinga, ambazo huitambua seli yenye kirusi na kuiangamiza pamoja na kilichomo ndani yake. Shambulio likiwa kali na la muda mfupi, kirusi huweza kuondoka na ini likajijenga upya. Likiwa hafifu lakini lisilokoma, ini huwa katika mchochota wa kudumu, na mchochota huo huzaa makovu. Hapa methali isemayo kikulacho ki nguoni mwako inapata maana ya kibiolojia.

Hali huwa tata zaidi pale ini linaposhindwa kazi kabisa. Kwa upande mmoja, mwili mzima huwa na mchochota mkali uliopita kiasi. Kwa upande mwingine, seli zile zile zinazotakiwa kupambana na bakteria huwa zimechoka na hazitimizi wajibu wake, kiasi kwamba wagonjwa wengi hufa kwa maambukizi. Kinga, kwa maneno mengine, huwa imezidi na imepungua kwa wakati mmoja. Hakuna mizani yenye sahani moja inayoweza kupima hali hiyo.

Miongoni mwa seli za kinga, zinazohusika zaidi hapa ni makrofaji. Hizi ni seli kubwa zinazomeza mabaki ya seli zilizokufa, vijidudu na uchafu mwingine. Ini lina makrofaji wake wa kudumu, waitwao seli za Kupffer. Makrofaji wanaweza kuchochea mchochota na makovu, lakini pia wanaweza kuuzima mchochota, kuyavunja makovu na kuzipa seli za ini ishara ya kujijenga. Lipi kati ya hayo hufanyika hutegemea hali ya seli hizo na mazingira yanayozizunguka.

4.0 Matibabu yanayochipuka

Tiba iliyothibitika ya ini lililoshindwa kabisa ni upandikizaji. Daktari Thomas Starzl alijaribu upandikizaji wa kwanza wa ini kwa binadamu huko Denver, Marekani, mwaka 1963. Upandikizaji unahitaji ini la mtoaji, wapasuaji wabobezi, na dawa za kuituliza kinga ili isilikatae ini jipya. Ndiyo maana watafiti wametafuta njia ya kulisaidia ini la mgonjwa mwenyewe. Njia hizo zinaweza kugawanywa katika makundi matatu kwa kigezo cha kile kinachofanyiwa kinga.

Kundi la kwanza ni la kuituliza kinga. Dawa za jamii ya steroidi hutuliza mchochota, na zina manufaa makubwa katika hepatitisi inayotokana na kinga kulishambulia ini bila kuwapo kirusi. Lakini utafiti wa STOPAH wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2015 na kuhusisha wagonjwa zaidi ya 1,000 wenye mchochota mkali wa ini uletwao na pombe, ulionyesha kuwa predinisoloni haikupunguza vifo kwa kiwango cha kuridhisha kitakwimu, na maambukizi makali yaliongezeka. Kuituliza kinga iliyokwisha kuchoka kuna gharama yake.

Kundi la pili ni la kuiamsha kinga. Kuna protini inayouchochea uboho wa mifupa utoe seli nyeupe kwa wingi. Mwaka 2012 watafiti wa Delhi, India, walichapisha matokeo ya wagonjwa 47, ambapo waliopewa protini hiyo waliishi kwa wingi zaidi kuliko wasiopewa. Matumaini yalikuwa makubwa. Lakini utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu wagonjwa wa sirosisi, na ule mpana zaidi wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2021, haukupata manufaa hayo. Kuongeza idadi ya seli, peke yake, hakukutosha.

Kundi la tatu ndilo jipya zaidi, nalo ni la kuielekeza kinga. Katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, kundi la watafiti likiongozwa na Profesa Stuart Forbes limechukua seli changa za damu za mgonjwa, ziitwazo monositi, likazikuza maabara kwa muda wa wiki moja hivi hadi zikawa makrofaji wenye mwelekeo wa kutengeneza, kisha likamrudishia mgonjwa mwenyewe kupitia mshipa. Awamu ya kwanza, iliyochapishwa mwaka 2019, ilihusisha wagonjwa 9 wa sirosisi na kuonyesha kuwa utaratibu huo ni salama kwa kiwango cha kuruhusu jaribio kubwa zaidi. Katika awamu ya pili, kipimo kikuu kilichochukuliwa baada ya siku 90 hakikuonyesha tofauti ya kutosha kitakwimu kati ya waliopata seli na wasiopata. Hata hivyo, ufuatiliaji wa muda mrefu ulionyesha matukio machache zaidi ya madhara makubwa ya ini kwa waliopata. Kwa hiyo ni tiba inayotia moyo, lakini bado imo katika ngazi ya utafiti.

Mgawanyo huu wa kutuliza, kuamsha na kuelekeza ni muhimu kwa mwanaisimu kama ulivyo kwa tabibu. Unaonyesha kwamba tofauti kati ya matibabu haya haimo katika nomino "kinga". Imo katika kitenzi kinachoiandama.

5.0 Mzigo wa neno "kinga"

Kinga katika Kiswahili cha leo ina angalau maana tatu zinazoweza kugongana katika chumba cha daktari.

Maana ya kwanza ni hatua ya kuzuia maradhi. Kaulimbiu "kinga ni bora kuliko tiba" imesikika katika zahanati na shule kwa miaka mingi, nayo imeziweka kinga na tiba katika pande mbili zinazopingana: penye kinga hapahitajiki tiba, na penye tiba kinga imechelewa. Msikilizaji aliyelelewa na kaulimbiu hiyo akiambiwa "tiba ya kinga" atasikia ukinzani, au atadhani anapewa chanjo. Chanjo ya hepatitisi B ilianza kutolewa kwa watoto katika mpango wa kawaida wa chanjo Tanzania mwaka 2002. Hiyo ndiyo kinga kwa maana ya kuzuia. Haimponyi aliyekwisha kuambukizwa.

Maana ya pili ni kifaa cha kujikinga, na katika mawaidha ya afya ya uzazi "kutumia kinga" kumekuja kumaanisha kutumia kondomu.

Maana ya tatu ni uwezo wa mwili kupambana na maradhi. Maana hii ndiyo inayotakiwa, lakini nayo ilifika kwa umma mpana ikiwa imefungwa katika akronimu moja: UKIMWI, yaani Ukosefu, au Upungufu, wa Kinga Mwilini. Pamoja na akronimu hiyo ikaja sarufi yake. Kinga hupanda, hushuka, huongezwa, huisha. Ni kiasi kinachopimika, na kikiwa kingi ni heri. Sarufi hiyo iliwafaa washauri nasaha waliohitaji kueleza hesabu za seli katika damu ya mtu anayeishi na VVU. Haifai hata kidogo kwa maradhi ya ini, ambamo kinga nyingi huweza kuwa ndiyo balaa.

Gharama ya urithi huu humwangukia mgonjwa. Mtu mwenye hepatitisi B akiambiwa kwamba ugonjwa wake unahusu kinga ya mwili, kisha akapewa tenofovia, dawa inayotumika pia kwa wanaoishi na VVU, ana sababu ya kudhani kwamba amefichwa jambo. Ndugu anayemtafsiria kwa Kiiraqw au Kidatooga naye hulazimika kuchagua: alitaje neno la Kiswahili kama lilivyo, na pamoja nalo tuhuma zote lililozibeba, au atafute maelezo ya kwake ambayo daktari hawezi kuyahakiki. Dawa ikiachwa kwa sababu ya aibu ya jina, kirusi hurejea na ini huendelea kuharibika. Vivyo hivyo, ridhaa ya kushiriki utafiti inayotolewa na mtu aliyeelewa "kuongezewa kinga" pale ilipokusudiwa "kuelekezwa kinga" si ridhaa kamili, hata kama karatasi imetiwa saini.

Yafaa pia kutaja, kwa tahadhari, homonimu yake. Kinga, wingi vinga, ni kipande cha ukuni unaowaka, kama katika methali isemayo kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Asili ya maneno haya mawili haidaiwi hapa kuwa moja. Hata hivyo, kwa mwalimu wa tiba sadfa hiyo ina faida, kwani inampa taswira iliyo tayari: kinga iliyo ngao na kinga iliyo moto. Katika mchochota wa ini, ngao imekuwa moto.

6.0 Mapendekezo

Kutokana na uchambuzi huu, mapendekezo manne yanatolewa.

Mosi, "homa ya ini" iendelee kuvumiliwa katika mazungumzo, lakini katika maandishi ya kitabibu na fomu za ridhaa litumike "mchochota wa ini", au "hepatitisi" pamoja na herufi ya kirusi. Mchochota ni neno la Kiswahili lililokwisha kuwapo na halidai kuwapo kwa homa. Neno "uvimbe" lisitumike kwa maana hiyo, kwa sababu hufahamika kuwa ni donge au saratani.

Pili, dalili itenganishwe na ugonjwa. "Manjano ya macho" liwe jina la dalili, na "homa ya manjano" libakizwe kwa ugonjwa uenezwao na mbu pekee. Kila linapotajwa la kwanza, muulizaji aulize habari za chakula na ghala, si za mbu tu.

Tatu, "kinga" isitumike peke yake. Liandikwe na kutamkwa "mfumo wa kinga ya mwili", na aina ya tiba itajwe kwa kitenzi chake: matibabu ya kuutuliza, ya kuuamsha, au ya kuuelekeza mfumo huo. Virai hivi ni virefu kuliko "tiba kinga", na kanuni ya ufupi inavunjwa. Lakini kanuni ya uwazi ina uzito zaidi pale uhai unapohusika. Aidha, vitenzi vina faida ambayo nomino ya kutohoa haina: humpa mkalimani tendo, na kutuliza, kuamsha na kuelekeza ni matendo ambayo mzungumzaji wa lugha yoyote anayaona katika malezi ya watoto na uchungaji wa mifugo.

Nne, "makrofaji" na "monositi" yakubaliwe kama yalivyotoholewa, kwa sababu yanahusiana na msamiati wa kimataifa na yamekubali sauti za Kiswahili. Katika maelezo ya mdomo makrofaji wafafanuliwe kuwa ni "seli fagizi", kutokana na kufagia. Pendekezo la "seli lafi" halifai, kwani ulafi ni tabia mbaya, na mgonjwa hapaswi kuanza kwa kuichukia seli anayorudishiwa ili imponye.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejadili matibabu ya ini yanayoutumia mfumo wa kinga ya mwili na kuonyesha kwamba Kiswahili kina maneno ya kutosha kuyaeleza. Kinachohitajika ni kulipunguzia neno "kinga" mzigo lililotwishwa na historia ya miongo minne, na kuviachia vitenzi kazi ya kutofautisha. Uchunguzi zaidi unahitajika kuhusu namna Kiiraqw, Kidatooga na Kihadza zinavyoligawa eneo hili la maana, ufanywe na wazungumzaji wa lugha hizo wenyewe kwa kushirikiana na wauguzi wanaozitumia kila siku. Matibabu ya Edinburgh yanaweza kuchukua miaka mingi kabla ya kufika Haydom au Katesh, na huenda yakafika yakiwa na sura nyingine. Lakini chanjo, ukaushaji mzuri wa mahindi, na dawa za kukizuia kirusi zipo sasa, na zote hutegemea maelezo yanayoeleweka. Istilahi ikisubiri tiba ifike ndipo ianze kutengenezwa, itakuwa imechelewa kwa wagonjwa ambao tayari wamekaa katika benchi la kusubiri daktari.